Stika ya Kijani

Siku ile mkahawa wa ghorofa ya chini ulipika kababu za nyama ya kusaga na viazi vya kuponda, na Gerlinde Pohlandt akamaliza sahani yote, hata mchuzi akaufuta kwa ukoko wa mkate. Hakuwa mlafi. Alikuwa ametoka nyumbani kwake Eberswalde gizani, akapanda treni ya saa kumi na mbili na robo kuja Berlin, na tangu alfajiri tumbo lake lilikuwa na kahawa tu. Akala, akapangusa midomo, akapanda ngazi na wenzake wanne kurudi chumbani. Viazi vile ndivyo vilivyomponza.

Chumba kilikuwa na mapazia mazito ya kijivu, meza ndefu, chupa za maji ya gesi, sahani ya biskuti, na ukutani televisheni pana kama mlango uliolazwa ubavu. Mbele yake aliketi Malte, kijana wa miaka ishirini na tisa, nywele amezifunga nyuma kwa mpira, ambaye kazi yake ni kucheza gemu. Watengenezaji wakileta gemu mpya, Malte huicheza wiki mbili tatu mpaka aimalize, kisha huja kuwachezea wale watano wa kamati ya kupanga umri wa gemu: hapa pana vita, hapa pana damu, hapa pana matusi. Haruhusiwi kusema kama gemu ni nzuri au ni mbaya. Yeye ni mikono tu, macho ni ya wale watano. Mwishoni hao watano hupiga kura ya stika: nyeupe kwa watu wote, njano kwa miaka sita, kijani kwa kumi na miwili, buluu kwa kumi na sita, nyekundu kwa watu wazima. Stika hiyo hubandikwa kwenye kila kasha la gemu hiyo nchi nzima, na wazazi huiamini kama wanavyoamini tarehe iliyopigwa kwenye pakiti ya maziwa.

Gerlinde alikuwa na miaka sitini na tisa. Miaka thelathini na minne ya maisha yake aliitumia kuwaangalia watoto wa shule baada ya masomo, akiwafunga kamba za viatu na kuwaamulia ugomvi, na kwa sababu hiyo alipostaafu aliombwa aingie kwenye kamati. Padi ya kuchezea gemu hakuwahi kuishika hata siku moja, wala hakuna aliyemtaka aishike.

Palikuwa na desturi moja pale chumbani. Kila Malte alipomaliza kipande, alisimamisha gemu, akageuka na kiti chake, akauliza: "Yupo anayetaka nirudie?" Mtu akiinua mkono, Malte alirudia bila kununa, mara mbili, mara tatu. Hakuna aliyeulizwa kwa nini.

Gemu ya siku ile iliitwa Ngome ya Grauwacht. Tangu asubuhi walikuwa wameona ukungu, kunguru, milango ya mafumbo, na askari waliokwepwa kwa kupita nyuma ya mapipa. Gerlinde aliipenda. Baada ya chakula Malte akaanza kushuka ngazi za mawe, mwenge mkononi, mvua ikisikika kwa mbali. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya kumi. Chumba kilikuwa na joto, na mvua ile ya kwenye televisheni ilikuwa mvua nzuri.

"Hicho ndicho chumba cha chini," ilisema sauti ya Malte. "Yupo anayetaka nirudie?"

Gerlinde alifumbua macho. Kalamu yake ilikuwa imechora mstari mrefu ulioteremka karatasini mpaka ukatokea ukingoni. Saa ya ukutani ilisema zimepita dakika kumi na moja. Upande wake wa kulia Bi Tietjen alikuwa anaandika kwa nguvu mpaka meza inatikisika, na mwenyekiti, Bwana Ohlendorf, alikuwa amevua miwani na kuikandakanda pua yake.

Ilikuwa ainue mkono tu. Lakini mwezi wa sita mzee mwenzao mmoja, Bwana Kessler, alisinzia pale pale mezani, na wakati wa kahawa mtu akasema, "Kessler leo ametoa stika ya mto wa kulalia," wakacheka wote. Gerlinde ndiye aliyecheka mpaka akamwaga kahawa kwenye kisahani. Kessler hakuonekana tena. Basi mkono wa Gerlinde ukakaa mapajani, juu ya mkono mwenzake, kama mtoto aliyeambiwa atulie.

Kwenye majadiliano, wawili walisema kumi na sita, kwa ajili ya chumba cha chini. Wawili wakasema kumi na miwili, maana ni ngano ya ngome na kunguru, na mtoto anajua ngano ni ngano. Wote wakamgeukia yeye.

"Damu ipo?" akauliza Gerlinde, na hilo lilikuwa swali la mtu anayetafuta pa kushika.

"Hata tone," akasema Bwana Ohlendorf, na ilikuwa kweli.

"Basi kijani."

Watatu kwa wawili. Akawahi treni ya saa kumi.

Vuli ikapita. Jambo lile lilimrudia mara mojamoja, akimenya tufaha au akifunga madirisha, naye akalifukuza kwa kujiambia kuwa wenzake wawili, watu waliokuwa macho, walikuwa wameona yote na wakasema kumi na miwili. Ikafika mwezi wa kumi na mbili. Mjukuu wake Bennet alikuwa anatimiza miaka kumi na miwili, na kwenye karatasi ya mambo anayoyataka aliandika jambo moja tu: Ngome ya Grauwacht. Darasa zima walikuwa nayo.

Mama yake Bennet, Wiebke, mkwewe Gerlinde, alikuwa muuguzi, mwanamke wa maneno machache, ambaye hata katuni alizitazama kwanza yeye.

"Mimi roho yangu haiitaki," Wiebke alisema kwenye simu. "Giza tupu. Ngome, wafungwa."

"Wiebke mwanangu," Gerlinde akasema, "hii nilikuwamo chumbani. Sitakiwi kusema, lakini nilikuwamo. Kijani ile ni kura yangu."

"Kweli? Na umeiona yote?"

"Mwanzo mpaka mwisho."

Yalimtoka mepesi kama maji ya bomba. Upande wa pili Wiebke akacheka kidogo. "Haya basi. Kama bibi wa kamati amepitisha, mimi nani?" Kasha likafungwa kwa karatasi ya nyota, likaingizwa kwenye buti la Bennet usiku wa Mtakatifu Nikolasi, watoto wanapoacha viatu mlangoni vijazwe zawadi, pamoja na karanga na machungwa.

Jumapili ya tatu ya Majilio, majuma manne ya kungoja Krismasi, Gerlinde alikwenda kwao kunywa kahawa ya alasiri. Mwanawe alikuwa safarini kikazi, kwa hiyo walikuwa watatu: yeye, Wiebke na mtoto. Kwenye shada la misonobari mezani mishumaa mitatu ilikuwa inawaka, mmoja kwa kila Jumapili, wa nne unangoja. Gerlinde alikuwa ameoka mwenyewe mkate wa Krismasi, mzito, wa zabibu kavu na lozi, juu umefunikwa sukari ya unga kama theluji. Bennet kwa kawaida alikula vipande vinne. Siku hiyo alikuwa anachokonoa zabibu moja moja na kuzipanga ukingoni mwa sahani.

"Mbona leo unakula kama sungura?" Gerlinde akamtania.

"Sina njaa, Bibi. Njoo nikuonyeshe kitu chumbani."

Alifunga mlango nyuma yao, akaketi kitandani, akawasha televisheni yake ndogo. Kasha lilikuwa mezani, stika ya kijani juu. Ngazi za mawe zikatokea, mwenge, mvua. Gerlinde akaijua mvua ile.

"Nimekwama hapa," Bennet alisema. "Leo siku ya tano. Lasse wa darasani alipita siku ile ile. Ananiita chekechea. Ijumaa alinichorea chupa ya mtoto kwenye daftari la hesabu."

"Kwani hapa pana nini?"

Mtoto akamwangalia. "Si unajua, Bibi? Wewe umeiona."

Mlango wa chuma ukafunguka kwenye televisheni. Ndani palikuwa na mzee amefungwa kwenye meza ya mbao, kitambaa usoni, mikono imenyooshwa kwa kamba, na kamba zimezungushwa kwenye gurudumu. Mzee huyo alikuwa mpiga kengele wa ngome. Alijua neno la kufungulia lango, na hakutaka kulisema.

"Lazima uzungushe gurudumu," Bennet akasema. "Hakuna njia nyingine, nimetafuta. Ukiacha, unarudishwa juu ngazini. Lazima mara tatu. Nishikie wewe, Bibi. Wewe mzungushie, mimi nitageuka ukutani."

Akamwekea padi mikononi. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Alimwonyesha kidole gumba kikae wapi, kwa upole, kama vile yeye Gerlinde alivyowaonyesha watoto wa watu kushika mkasi. Kisha akageuka ukutani kweli, magoti kifuani.

Gerlinde akasukuma kidole. Gurudumu likalia. Mzee wa chini ya kitambaa akasema, "Tafadhali, nina binti, anaitwa Ilse, ananingoja na supu." Na padi ikatetemeka. Ilitetemeka mikononi mwake kama ndege aliyeshikwa, na kadiri gurudumu lilivyozunguka ndivyo ilivyotetemeka zaidi. Pale Berlin hakuna aliyewahi kulihisi hilo. Waliangalia tu. Hapakuwa na damu, hata tone.

Akaitupa padi kitandani.

"Umeona?" Bennet akauliza ukutani.

"Nimeona."

"Basi mimi nina kasoro gani?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wewe uliona yote hayo ukasema mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza. Lasse ameweza. Mimi nina miaka kumi na miwili na siwezi. Naota sauti yake. Usimwambie Mama."

Ukweli ulikuwa umeshafika mdomoni mwa Gerlinde. Akaumeza, akasema hivi:

"Huna kasoro, mpenzi wangu. Watoto wengine hukua polepole kidogo, basi."

Bennet akageuka, akamtazama, akaitikia kwa kichwa. Hakulia. Alizima televisheni, akalitia kasha kwenye droo ya meza, akaisukuma mpaka ikaingia yote. Gerlinde alikuwa ameona nyuso za watoto zaidi ya elfu moja katika kazi yake, na ule alioona sasa aliujua: uso wa mtoto aliyepewa jina baya na mtu mkubwa, akalikubali.

Wakarudi mezani. Wiebke akammiminia kahawa, akamsogezea maziwa.

"Nilikuwa nawaambia wenzangu wodini," Wiebke alisema, "kwamba sisi nyumbani hatubahatishi. Tuna mtu wetu ndani. Wawili wamekwenda kuwanunulia watoto wao gemu hiyo hiyo."

Gerlinde akainua kikombe, akakirudisha. Mshumaa wa kwanza, ulioanza kuwaka mapema kuliko wenzake, ulikuwa umebaki kama kidole gumba. Alikuwa amewaambia watoto miaka thelathini na minne: aliyefanya aseme mwenyewe, asingoje kutajwa. Alikuwa akiwasimamisha mstari mmoja na kuwaambia hivyo, wengine wana miaka sita tu.

"Nililala," akasema.

Wiebke hakuelewa. "Ulilala wapi?"

"Kwenye kamati. Tulikuwa tumekula viazi. Chumba cha chini sikukiona. Nilipoamka niliona aibu kuomba kirudiwe, nikapiga kura hivyo hivyo." Akamgeukia mtoto. "Bennet, nilichokuambia chumbani si kweli. Wewe hukui polepole. Mimi nimezungusha gurudumu lile mara moja nikashindwa, na nina miaka sitini na tisa. Sikuona nikasema unaweza. Sikuona kabisa."

Tone la nta likaanguka kwenye kitambaa cha meza.

"Ulikoroma?" Bennet akauliza.

"Sijui."

"Bibi, wewe hukoroma. Hukoroma kama mashine ya kukata nyasi."

Alitaka kucheka lakini hakucheka, akachukua zabibu moja kati ya zile alizozipanga, akaila. Kisha ya pili.

Wiebke yeye hakuwa na mzaha. "Gurudumu gani?" akauliza, na Bennet akamweleza, akitazama sahani. Wiebke akasikiliza mpaka mwisho, akasimama, akaanza kuondoa vyombo kimoja kimoja, hata kikombe cha Gerlinde kilichokuwa kimejaa.

"Nilikuuliza," alisema akiwa amewapa mgongo, "nikakuuliza kabisa kama umeiona yote."

"Uliniuliza."

"Na sasa wale wawili wa wodini niwaambie nini?"

"Waambie ni mimi. Wape na jina langu."

"Jina lako, Gerlinde, ndilo walilonunulia."

Gerlinde akavaa koti lake, na aliyemfungulia mlango alikuwa Bennet.

Jumatatu saa tatu asubuhi akampigia Bwana Ohlendorf. Alikuwa ameyaandika maneno yake kwenye karatasi asije akayapunguza. Mwenyekiti alisikiliza, akashusha pumzi ndefu.

"Bi Pohlandt, ulikuwa uinue mkono tu."

"Najua."

"Tungerudia. Wala nisingetazama upande wako."

Hayo yalimwuma kuliko kama angemfokea. Akaambiwa aandike barua. Aliandika, kurasa mbili, na kwenye mstari wa mwisho akaaga kamati. Ikakubaliwa kwamba gemu itazamwe upya mwezi wa kwanza, na watu watano wengine, Bwana Ohlendorf akisimamia tu, na yeye Gerlinde akitaka anaweza kuja kukaa karibu na ukuta, bila kura.

Alikwenda. Siku hiyo mkahawa ulipika samaki, naye hakuugusa. Alikaa kwenye kiti cha pembeni, mkoba magotini, mgongo wima. Malte akashuka ngazi, mwenge, mvua. Chumba cha chini kikapita mbele ya watu watano wapya, kikafika mwisho. Malte akageuka na kiti chake.

"Yupo anayetaka nirudie?"

Hakuna aliyetaka. Wote walikuwa wameshaandika. Ndipo ukutani mkono ukainuka.

"Samahani. Mimi."

"Bi Pohlandt," akasema Bwana Ohlendorf kwa upole, "wewe leo huna kura."

"Sitaki kura. Nataka kukiona."

Malte akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama karatasi zake, akatikisa kichwa kukubali. Malte akarudia. Mara ya kwanza ya gurudumu, ya pili, ya tatu. Gerlinde hakufumba macho. Binti Ilse akatajwa mara tatu, na mara ya tatu mzee akalitaja neno la lango kwa sauti ambayo haikuwa tena sauti ya mtu. Dakika kumi na moja. Mikono ya Malte, sasa ndiyo aliiona, ilikuwa inatetemeka pamoja na padi, na kijana alikuwa amekaza taya. Kumbe hata siku ile alikuwa hivyo.

"Asante," akasema.

Buluu, kura nne kwa moja. Lakini buluu itakuwa kwa makasha yatakayotengenezwa kuanzia sasa. Yaliyokwisha kwenda majumbani yamekwenda, na yaliyoko madukani yangechukua wiki kadhaa kuondolewa. Bwana Ohlendorf alimweleza hayo ngazini, akamshika mkono, akamtakia safari njema. Wala hakusema karibu tena.

Eberswalde alishuka saa kumi na mbili jioni. Karibu na kituo pana duka la vifaa vya umeme, na dirishani kulikuwa na mnara mdogo wa Ngome ya Grauwacht, makasha saba, na juu yake bango la bei iliyopunguzwa. Stika zote kijani. Alitaka kupita. Hatua tano alilipita kweli. Ndani mwanamke mmoja mwenye kofia ya sufu alikuwa ameshika kasha mkononi, anatafuta stika, akaiona, akaridhika, akaelekea kulipa.

Gerlinde akasukuma mlango, kengele ikalia.

"Samahani, mama. Hiyo ni ya mtoto?"

"Ya binti yangu, ana kumi na miwili." Mwanamke akamwonyesha stika kwa kidole, kidogo amekerwa. "Inaruhusiwa. Angalia, kijani."

"Naiona," Gerlinde akasema. Akaweka mkoba wake chini, maana maneno yalikuwa mengi. "Kijani hiyo niliiweka mimi. Nipe dakika kumi na moja nikueleze."